Jumamosi: njoo na usichokizoea

Hamjambo wasomaji. Tunakutana Jumamosi saa nane mchana, palepale pa siku zote. Mwezi huu tunabadilisha ladha: msomaji wa vitabu vya mapenzi ashike vya upelelezi, wa upelelezi ajaribu ushairi. Mimi mwenyewe nimechoka na maiti za ukurasa wa kwanza.

Jumapili sokoni Kibuye, katikati ya viatu vya mitumba, nilipata riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora, jalada limeshikizwa kwa selotepu. Ilitoka 1996, lakini safari ya mhusika wake Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale bado inaninyima usingizi. Nani anaitaka kwanza? Aandike jina hapa.

Na aliye na kitabu changu cha hadithi fupi, jamani, huu ni mwezi wa tatu sijakiona.