Tuwaachie watoto udongo uani

Mhariri,

Masika haya nimepanda asumini na mjukuu wangu wa miaka minne, kama bibi yangu alivyopanda nami. Nilikata tawi la shibiri moja, nikalifukia vifundo viwili chini. Yeye akashindilia udongo kwa viganja, akamwagia maji kwa kopo la maziwa mpaka miguu ikamlowa. Kila asubuhi huchutama kulitazama. Jana limechipua jani, akaja mbio kuniamsha! Maua yakija tutayachuma jioni, yakiwa bado vitumba, nimfundishe kutunga kikuba, kile kishada cha kunukia cha kujipambia, kwa mrehani na mkadi.

Siku hizi watu wanamwaga zege ua mzima, inaniuma. Mnaojenga, nawaomba acheni japo kipande cha udongo karibu na bomba.

Bibi wa Ng'ambo,
Unguja