Katuni si lazima iwe ya mtoto wa miaka minne

Ndugu Mhariri, naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu kabla shule hazijafungwa, maana likizo ikianza nyumba nzima ni "mama niwekee katuni" na sisi tunaweka tu tukaendelee na kazi, si katuni bwana.

Chukua The Lion King. Ile ya 1994 kule Marekani ilipewa alama ya G, yaani ya wote, hii ya 2019 ikapewa PG, mzazi awe karibu. Stori ni ileile ila hii mpya wanyama wametengenezwa na kompyuta mpaka unadhani upo Serengeti, fisi ni fisi kweli na meno yake, tena inaenda dakika 118 wakati ya zamani haifiki hata 90.

Lakini mimi fisi hawanisumbui sana. Baba akishakufa yule simba mdogo anamsukuma aamke, haamki, halafu Scar, baba yake mdogo, anakuja kumwambia kosa ni lako wewe, kimbia usirudi tena. Mtu mzima anajua Scar muongo, tumemuona akimtupa kaka yake. Mtoto wa miaka minne anaweza asiunganishe hayo, yeye kinachomkaa ni kwamba mtoto amesababisha baba afe, na kama ni mtoto aliyefiwa, au wazazi wake wameachana juzijuzi, hapo ndo pagumu kabisa kwa sababu wadogo wana tabia ya kujibebesha lawama za wakubwa na hawasemi. Hakuna damu pale, hakuna tusi, alama ya G haikuambii lolote. Wa miaka tisa muwekee, mkimaliza mtaongea vizuri tu. Wa minne mi ningesubiri. Finding Nemo ya 2003 nayo ni G, na mwanzoni kabisa mama samaki analiwa na mzia pamoja na mayai, linabaki yai moja.

Sasa huku kwetu hata hiyo alama hatuioni. Kenya bodi yao inagawa GE (ya wote), PG, 16 na 18, sisi tuna Bodi ya Filamu, sawa, ila wengi wetu tunajaziwa flashi kibandani, kijana anakopi folda nzima imeandikwa KATUNI na humo kila kitu kimo. Ile Sausage Party ya 2016 ukiona picha ni vyakula vya supamaketi vinacheka, kumbe matusi na mambo ya chumbani, Marekani waliipa R, yaani wa chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Na hizi za kuingizwa sauti ya Kiswahili, mtafsiri akitaka kuchekesha anatia maneno ya kijiweni ambayo hata hayamo kwenye filamu yenyewe.

Kwa hiyo jamani tuangalie wenyewe kwanza, hata kwa kurukaruka, tujue nani anakufa na mtoto wa kwenye stori anafanywa nini. Mtoto akijifunika macho, izime, usimwambie acha uoga.

Na gazeti lenu naomba, kwenye ukurasa wa burudani mkiandika filamu ya watoto ongezeni mstari mmoja tu: umri, dakika ngapi, na kama mzazi anakufa ndani. Hata wiki hii mnaweza kuanza.

Mama wa watoto wawili,
Tanga