Daktari akiingia siasa hajawatupa wagonjwa wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja inayorudiwa kila uchaguzi unapokaribia, kwamba daktari anayegombea ubunge amewatupa wagonjwa wake. Wenye hoja hiyo wana sababu, kwa kuwa madaktari wetu hawatoshi, na anapoondoka mmoja wilayani pengo lake huonekana kesho yake. Hata hivyo nawaomba wayatazame maisha ya Dakta Leader Stirling kabla ya kutoa hukumu.

Stirling alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akaja Tanganyika mwaka 1935 kuwa daktari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, huko Lulindi, Masasi. Alifanya upasuaji katika majengo ya udongo yaliyoezekwa kwa nyasi, wagonjwa wengine wakiwa wamebebwa kwa machela kutoka vijiji vya mbali. Baadaye alihamia Mnero, Nachingwea, kwa watawa wa Kikatoliki wa Wabenedikti, kisha Kibosho, Kilimanjaro. Ninalolithamini zaidi katika kazi yake ni kwamba aliwafundisha uuguzi vijana wa huku huku, kwa maana daktari mmoja katika eneo kubwa namna ile asingeweza kufika kwenye kila kitanda.

Siasa ilimkuta akiwa kazini. Katika uchaguzi wa kura tatu, ule ambao TANU iliamua Tabora mwezi Januari 1958 kushiriki, kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na Stirling aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Kura yenyewe ilikuwa na masharti ya elimu, kipato au cheo, na kwa hiyo wakulima wengi aliowatibu hawakuruhusiwa kupiga kura. Mtu aliyewahudumia wasio na kura kwa zaidi ya miaka 20 hakuwa akitafuta cheo.

Mwalimu Nyerere alimkabidhi Wizara ya Afya mwaka 1975, akaiongoza hadi 1980. Hicho kilikuwa kipindi cha kusukuma zahanati na vituo vya afya vijijini na kuwaandaa waganga wasaidizi wa kuviendesha, sera ambayo haikuanza naye, ila ilimpata waziri aliyeyajua maisha ya zahanati ya porini kwa mikono yake mwenyewe. Sidai kwamba kila lililofanyika lilikuwa sahihi. Sheria ya mwaka 1977 iliyopiga marufuku hospitali binafsi za biashara ilipitishwa yeye akiwa waziri, na kwa maoni yangu ilikwenda mbali mno, kwa kuwa Serikali haikuwa na uwezo wa kuziba nafasi iliyoachwa. Mwaka 1991 milango ikafunguliwa tena. Lakini kosa hilo ni la sera, wala halithibitishi kwamba aliwasahau watu wa Lulindi na Mnero.

Stirling alifariki mwaka 2003. Ombi langu kwa Wizara ya Afya na kwa vyuo vya uuguzi vya Mtwara na Lindi ni kwamba wanafunzi wafundishwe habari zake, pamoja na habari za wauguzi wazalendo waliofanya naye kazi, ambao majina yao hayamo katika vitabu. Wale walio hai wamezeeka sana, na kumbukumbu zao zapaswa kuandikwa sasa.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara