Tomcat: tumieni run mnapojaribu

Habari wanakikundi. Wengi mnauliza kwa nini Tomcat (seva ya programu za wavuti za Java) "imewaka" lakini kivinjari hakioni kitu. startup.sh huipeleka seva nyuma na kukurudishia terminali papo hapo, hata kama seva itakufa sekunde chache baadaye. Mnapojaribu, ingieni folda ya bin muandike:

./catalina.sh run

Kwenye Windows ni catalina.bat run. Huko ndiko inasaidia zaidi, maana dirisha la startup.bat hujifunga kabla hujasoma kosa.

Subirini mstari wa "Server startup in". Mkiona "Address already in use", poti 8080 (namba ya mlango wa mtandao ambao Tomcat husikilizia) imeshikwa, mara nyingi na Tomcat nyingine ambayo haikuzimwa. Kwenye Linux au Mac, itafuteni kwa lsof -i :8080.

Kuzima ni Ctrl+C. Tafadhali sana, si Ctrl+Z: hiyo huisimamisha tu, na poti inabaki imeshikwa. Hapo andikeni fg (huirudisha mbele), ndipo mbonyeze Ctrl+C.

Kwa njia hii catalina.out (faili la kumbukumbu za Tomcat) haiandikwi, yaliyopaswa kuingia humo yanaishia kwenye skrini. Mkitaka nakala:

./catalina.sh run 2>&1 | tee jaribio.log

Ukikwama, tuma hapa mistari ya kuanzia "SEVERE" (kosa kubwa) ya kwanza, kama maandishi, si picha.