Klachi ya gari lako

Mama Tasha, sasa? Watu wa huko Kisumu hawajambo? Najua nimenyamaza tangu Pasaka, na unanijua, nikinyamaza hivyo kuna kitu. Basi kipo. Klachi imeisha.

Fundi aliitoa akanionyesha, imelika mpaka misumari inaonekana, akanusa vidole vyake halafu akanipa ile pleti ninuse pia, eti nisikie vile imeungua. Akaniuliza, "Madam, huwa unaweka mguu juu ya klachi?" Nikakataa. Akaniangalia tu. Nikakubali.

Lakini hebu nisikize kabla hujakasirika, hiyo Jogoo Road unaijua. Kutoka Donholm ni gia ya kwanza, mita tano, breki, gia ya kwanza, mita tano, breki, saa nzima, halafu ukifika Makadara inafunguka tu ghafla na huoni ajali wala gari limekwama. Ilikuwa inaniuma sana hiyo. Sasa Njoro (bado anajua kila kitu) akaniambia kuna Wajapani 2008 walionyesha jaribio lao, magari 22 kwenye duara la mita 230, madereva wakaambiwa waende mwendo mmoja, hakuna taa, hakuna mathree, na bado jam ikajizaa. Mmoja anapunguza kidogo, wa nyuma yake anapunguza zaidi, wa nyuma kabisa anasimama, na hiyo jam inarudi nyuma kama kilomita 20 kwa saa wakati nyinyi mnaenda mbele. Dawa ni uache nafasi mbele yako utambae bila kusimama, ile kusimamasimama iishie kwako.

Nafasi! Jogoo Road! Nilicheka, lakini kwa sababu ya hiyo klachi nikajaribu. Nikaacha kama ya magari matatu. Mathree ya Umoja ikaingia hapo hapo, boda zikafuata, nyuma honi, makanga akagonga bonet yangu, "Mathe, umelala?" Nikavumilia nikawa nahesabu. Walioingia mbele yangu kutoka Hamza mpaka City Stadium walikuwa 11, na saba wakatoka tena wakatafute leni nyingine, kwa hivyo nilipitwa na watu wanne pekee, wanne Mama Tasha, na breki nilikanyaga mara sita. Mguu haukuuma siku hiyo. Na nikiangalia kwa kioo wa nyuma yangu nao walikuwa wanatambaa polepole tu, hata yule wa honi.

Raundabauti ndio haisaidii. Pale afande ameshikilia upande mmoja dakika ishirini na taa inabadilika rangi bure, utaacha nafasi ya nini.

Sasa kuhusu hiyo klachi. Ningelipa yote lakini unajua vile chama kilienda na Mama Brayo, tutaongea siku nyingine. Tunaweza gawana nusu nusu? Ama ilikuwa imeanza kuteleza ukiwa nayo, useme tu ukweli? Tasha amezoea shule? Mguu wa mama je? Huko mna jam ama mnatuchekea tu? Na ule mlango wa nyuma wa kushoto, ulikuwa unafunguliwa kwa nje tu ama huo pia ni mimi?

Nijibu kabla ya Ijumaa, fundi ameweka gari juu ya mawe.

Nduta