Mchanga wa pwani si ardhi tupu

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu mpango wa kujaza kifusi sehemu ya pwani ili lipatikane eneo la kujenga. Kuna sentensi moja imenikera: kwamba maji yakitoka, pale hubaki mchanga mtupu usiomfaa yeyote. Mimi ni mwalimu wa biolojia na nimekulia pwani. Naomba nafasi nieleze kilichomo ndani ya mchanga huo.

Mwandishi wenu angeshuka wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa, akainama, angeona vilima vidogo vimetapakaa, kila kimoja kama kikombe cha kahawa kilichofudikizwa, kina kitobo juu. Pembeni angeona mashimo yaliyodidimia, hayana kilima. Mara nyingi kilima na shimo ni vya mwenyeji mmoja: huku mchanga unaingia, huku unatoka. Na angengoja maji yarudi mpaka yamfike vifundoni, angeviona vilima vikitema mchanga, kimoja baada ya kingine, wingu dogo linapanda na kutulia.

Anayefanya kazi hiyo ni kamba mchimbaji. Sura yake ni ya kamba, lakini kiukoo yuko karibu zaidi na kaa kuliko kamba tunaowapika. Ni mweupe, gamba lake jembamba kiasi kwamba mayai ya jike huonekana tumboni kabla hajayataga. Macho yake ni madogo mno, na gando moja ni kubwa kuliko lenzake. Kwa kawaida, akiwa buu huchukuliwa na maji hadi baharini, kisha hurudi, huchimba, na tangu hapo maisha yake ni ya chini kwa chini. Handaki la baadhi ya spishi hupita mita 2 kwenda chini. Kuta zake hukandikwa kwa ute na chembe laini ili zisiporomoke, na humo ndani mna vyumba vya kugeukia. Watafiti waliochunguza miamba ya matumbawe ya Great Barrier Reef, Australia, miaka ya 1980, walikuta vipande vikubwa vya matumbawe na makombe vimewekwa kwenye vyumba vya chini kabisa, huku mchanga laini ukirushwa juu. Kwa hiyo kilima anachokikanyaga mtalii kimeshachekechwa.

Faida yake iko wapi? Chimba mchanga wa pwani sentimita chache tu, utakuta weusi na harufu ya yai viza, kwa kuwa hewa haifiki. Kamba huyu hupiga vijiguu vya tumboni bila kuchoka ili maji yapite handakini, na maji hayo hubeba oksijeni hadi kwenye kina ambacho kwa kawaida haifiki. Kuzunguka kuta zake bakteria hushamiri, na wako wanaoigeuza naitrojeni ya taka kuwa gesi ikatoka majini. Sisi tunaomwaga maji ya vyoo baharini tunapaswa kumshukuru. Tena hakai peke yake. Mwaka 1934 mwanasayansi MacGinitie alieleza jinsi kaa wadogo na samaki aina ya gobi wanavyopanga kwenye mahandaki ya kamba wa California bila kumdhuru mwenye nyumba.

Sitaki kumpamba kupita kiasi. Mchanga anaoutema huweza kufunika nyasi bahari, na wafugaji wa chaza wa ghuba ya Willapa, jimbo la Washington, Marekani, wamegombana naye kwa miongo mingi, maana hulegeza ardhi hadi chaza wanazama na kufa. Kuanzia mwaka 1963 walinyunyiza kabarili, sumu ya wadudu, moja kwa moja kwenye pwani. Walipoiacha mwaka 2013 waliomba ruhusa ya kutumia sumu nyingine, imidaklopridi. Mwaka 2018 jimbo likawakatalia kwa sababu ya madhara kwa viumbe wengine. Hasara yao ni ya kweli, na ninaielewa. Lakini hata katika ugomvi huo hakuna aliyesema pwani ni tupu. Walijua vizuri mno nani anaishi humo.

Afrika Kusini, kwenye ghuba ya Langebaan, wavuvi huwanyonya kamba hawa kwa pampu ya mkono wapate chambo, na sheria inamruhusu mtu kuchukua 50 tu kwa siku. Watafiti wa huko walipolinganisha sehemu zilizochimbwa na zilizokanyagwa tu, waliona kwamba kukanyaga peke yake kunawapunguza kamba pamoja na viumbe wengine wa mchangani. Kama nyayo za watu zinaweza kufanya hivyo, lori la kifusi litafanya nini?

Sipingi ujenzi wote. Vijana wetu wanahitaji kazi, na mji lazima ukue. Ninachotaka ni kwamba tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo Zanzibar tumeiweka kisheria tangu 1996, ifike chini ya mchanga. Mtaalamu anayepita pwani na kamera na kuandika kwamba hakuna uoto wala wanyama hajaifanya kazi. Ahesabu vilima na mashimo maji yakiwa yamekupwa, wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, yanapopwa kidogo tu. Achimbe hadi kina kinachofaa, achekeche, aorodheshe alichokikuta. Awaulize pia akina mama wanaookota chaza na kulima mwani, maana wanaijua pwani hiyo hatua kwa hatua. Ripoti ibandikwe ofisi ya shehia kwa Kiswahili kabla lori la kwanza halijashusha kifusi, na gazeti lenu liichapishe ili wasomaji waliosoma ile sentensi waisome na hii.

Mwalimu wa biolojia,
Unguja