Pimeni mtiririko wa damu mguuni kabla ya kukata kidole

Mhariri,

Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki hapa Kisumu hupimwa sukari, hupimwa presha mkononi, kisha huandikiwa dawa. Mara nyingi hakuna anayemwambia avue viatu, na hilo linawagharimu watu miguu.

Ateri za mguu, yaani mishipa inayopeleka damu mguuni, huziba polepole. Mafuta na chokaa hujijenga kwenye kuta zake, hasa kwa mvutaji sigara, mwenye kisukari na mwenye presha. Anayepanda kilima cha Riat kwa miguu hubanwa na shavu la mguu, husimama, maumivu hutulia baada ya dakika chache, na akiendelea humrudia karibu umbali ule ule. Hiyo si baridi yabisi. Lakini wengi huuziwa dawa ya kuchua na vidonge vya maumivu, ambavyo baadhi yake huumiza figo zilizokwisha kudhoofishwa na kisukari.

Kipimo chake hakina ugumu. Mgonjwa alale chali dakika 10. Funga mkanda wa presha juu kidogo ya kifundo cha mguu, paka jeli, weka dopla (kifaa kinachotoa mlio wa damu inayopita) juu ya mshipa, jaza upepo hadi mlio ukatike, kisha uachie taratibu na usome namba pale mlio unaporudi. Pima mishipa miwili ya kila mguu, na mikono yote miwili. Gawanya namba kubwa ya mguu kwa namba kubwa ya mkono: mguu 90, mkono 150, jibu 0.6. Kawaida ni 1.0 hadi 1.4. Ikiwa 0.9 au chini, ateri imeziba. Wengi hukosea hapa: ateri ya mwenye kisukari cha miaka mingi huweza kuwa ngumu kwa chokaa, mkanda ukashindwa kuibana, na jibu likapita 1.4. Mgonjwa huyo asiambiwe yuko sawa. Apimwe presha ya kidole gumba cha mguu, au ultrasaundi ya mishipa.

Pasipo dopla, vidole vya muuguzi vinatosha kuanzia. Mpigo mmoja uko juu ya wayo, mwingine nyuma ya jicho la mguu, upande wa ndani. Wapo watu wenye afya ambao ule wa juu hausikiki, kwa hiyo yote miwili iguswe.

Wengi hawahitaji upasuaji. Waache sigara, wapewe aspirini ya miligramu 75 kwa siku au klopidogreli 75 ili damu isigande, pamoja na dawa ya kolesteroli, na watembee: hadi maumivu yakaze, wapumzike, waendelee tena, dakika 30 hadi 45, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi.

Kidonda kisichopona, au maumivu ya usiku yanayomfanya mtu aning'inize mguu kitandani, ni hatua nyingine. Apigwe picha ya CT (eksirei ya kompyuta) ya mishipa, figo zikiwa zimepimwa kwanza, kwa sababu dawa ya picha hiyo huweza kuzidhuru. Kisha daktari hupitisha waya kinenani na kupanua ateri kwa puto, au hupandikiza mshipa wa mgonjwa mwenyewe ili damu ipite kando ya palipoziba.

Kinachotuuma ni kidole cheusi kukatwa kabla mtiririko wa damu haujapimwa. Kidonda hakifungi kwa sababu damu haifiki, na mgonjwa hurudi kukatwa juu zaidi. Usaha unaosambaa ndio usiosubiri: utolewe mara moja, mtiririko wa damu upimwe mara tu baada ya hapo.

Na mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kufa ganzi, usikandwe wala kutiwa maji moto. Kuna takriban saa 6 kabla misuli haijaanza kufa. Mgonjwa afikishwe kwa daktari mpasuaji, aanzishiwe heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na donge la damu litolewe.

Tunaiomba idara ya afya ya kaunti iipe kila kliniki ya kisukari dopla ya mkononi na jeli yake, na namba ya mguu iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa kando ya ile ya sukari.

Wahudumu wa kliniki ya kisukari,
Kisumu